TUIJUE NCHI YETU: Visiwa vya Ukerewe



Vijana wetu wa Shinyanga wakiulizwa majina ya visiwa vya nchi hii, mara hutaja Unguja, Pemba na Mafia, kisha hunyamaza. Ni wachache wakumbukao kwamba kaskazini yetu, katika ziwa lile lile lioshalo mwambao wa Geita, viko visiwa vyenye watu maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kueleza habari za Ukerewe.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kupita vyote vya Ziwa Viktoria, na eneo lake ni kilomita za mraba 530 hivi. Kaskazini yake kiko Ukara, kisiwa cha kilomita za mraba 80 hivi, na vingine vingi vidogo. Msafiri atokaye Geita huvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, akafika Mwanza, na hapo hupanda meli mpaka Nansio. Njia nyingine hupita Bunda hadi Kisorya, ambako kivuko huvusha watu mpaka Rugezi.

Wenyeji ni Wakerewe, Wakara na Wajita. Katika hesabu ya mwaka 2012 wilaya nzima ilikuwa na watu zaidi ya 345,000. Hulima mihogo, viazi na machungwa, na huvua sato, sangara na dagaa. Wakara wamesifika tangu zamani kwa ukulima wao: kwa kuwa ardhi ni ndogo na watu ni wengi, ng'ombe hufungwa nyumbani na kukatiwa majani, na samadi yote hupelekwa shambani. Sisi wa Usukumani, wenye ng'ombe wengi, tuna la kujifunza hapo.

Ukerewe ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, mwandishi wa kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini hakikupigwa chapa ila mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Basi kijana asikate tamaa kazi yake njema ikikawia kuonekana.

Zamani visiwa hivi vilitawaliwa na Omukama, na katika karne ya 19 alijulikana sana Lukonge. Baada ya uhuru, mwaka 1963, madaraka ya watemi yalifutwa nchini kote. Leo Ukerewe ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, makao yake Nansio. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, na madiwani wa halmashauri huchaguliwa na wananchi.

Lakini kwa mtu wa kisiwani, serikali hupimwa kwanza kwa chombo cha kuvukia. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi, wote humtegemea nahodha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101, nacho kilijaza zaidi ya mara mbili ya hao. Watu zaidi ya 220 walikufa, huku jamaa zao wakiwatazama kutoka nchi kavu. Na miaka 22 kabla yake, Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imekwisha kuzama na mamia ya watu.

Wako wasemao, "Ajali ni kudra." Ni kweli kudra ni ya Mwenyezi Mungu; lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola. Anayeuza tikiti kupita kiasi amehini amana, naye abiria ajipenyezaye katika chombo kilichojaa amejitia hatarini kwa hiari yake. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kuogelea, na wafundisheni pia kusema, "Hiki kimejaa, tungoje kingine."

Mwezi ujao, Inshallah, tutaeleza habari za Rubondo.