Keki ya Mungaa Haiombi Ruhusa

Hadithi yangu imerudi. Mhariri mmoja wa jijini, ambaye simtaji kwa kuwa wenzake ni wengi, kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Keki ya chokoleti? Mungaa? Hakuna uhalisia. Weka ukame."

Haya, bwana mkubwa. Ukame tunaujua, nimeshauandika. Lakini Krismasi ile hatukuwa na ukame. Mvua ilikuwa inanyesha na keki ilikuwa jikoni. Sasa nidanganye ndipo niaminike?

Ndugu msomaji, sikiliza ilivyopikwa kisha uhukumu mwenyewe. Tulikuwa sita, wote tumesoma pamoja shule ya msingi, tukachanga. Mmoja alileta mayai ya kienyeji kumi, maana ni madogo. Mwingine, dereva wa bodaboda, alitoka Singida mjini na unga wa ngano, sukari, beking pauda na pakiti moja ya kakao kaificha ndani ya koti. Mwenyewe kalowa chapachapa, kakao kavu. Siagi bei haishikiki, tukatia mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa huku huku. Kakao tuliikoroga kwanza na maji ya moto, kwani ukiitupa kavu inafanya madonge.

Oveni? Sufuria kubwa, mchanga kidogo chini, sufuria ndogo ndani, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu. Ukizidisha moto wa chini, keki inaungua kitako na katikati inabaki uji. Najua kwa sababu yetu iliungua. Tukapunguza makaa, tukangoja, tukachoma kijiti cha ufagio mpaka kikatoka kikavu. Tulikwangua palipoungua, tukaila baada ya kuku na pilau, watu sita, kila mmoja kipande chake na watoto wa nyumba wakagombea makombo. Uhalisia gani tena unatakiwa hapo?

Mhariri anataka mwanakijiji wa ugali. Sawa. Lakini mahindi asili yake Mexico. Alizeti inayoipa Singida jina asili yake Amerika ya Kaskazini. Kakao nayo imetoka Amerika ya Kusini. Wageni watatu wa upande mmoja wa dunia, wamevuka bahari ile ile. Wawili wamepewa uraia wa kijiji, wa tatu bado anaulizwa pasi! Mwenyeji hasa ni mtama na uwele, na sidhani kama huyo bwana akioneshwa punje zake atajua ipi ni ipi.

Kwa hiyo tuache kusingizia asili. Kinachoitwa asili hapa ni bei. Kitu kikiwa rahisi, ati ni utamaduni wetu. Kikiwa ghali, ati tunaiga Wazungu. Na hiyo bei ina habari yake. Kakao inalimwa Kyela, nchi hii hii. Sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa mbegu kavu, wengine wanaisaga, wanaipaka sukari, wanaifunga vizuri, halafu wanatuuzia. Ukiniondolea keki kwenye hadithi, umeniondolea pia huyo mkulima wa Kyela, bodaboda ndani ya mvua na mchango wa watu sita kwa pakiti moja. Uchungu unaoutafuta, bwana mhariri, umo ndani ya keki. Hukuuona kwa kuwa haukuvaa matambara.

Wapo watakaosema keki ni anasa, kuna watu wanalala njaa. Kweli. Ndiyo maana tulichanga, na ndiyo maana naikumbuka hesabu mpaka yai la mwisho. Mwenye nacho hahesabu mayai. Lakini maskini naye ana sikukuu, ana marafiki, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mwandishi anayemnyima hayo kamfukarisha mara ya pili.

Nanyi waandishi chipukizi wenzangu, tusimwachie mhariri lawama zote. Wangapi kati yetu tunaandika vijiji tusivyovijua, babu mwenye mkongojo, mchawi, mtoto wa tumbo kubwa, kwa sababu ndivyo vinavyochapwa? Mimi mmojawapo. Hadithi yangu ya kwanza niliweka mchawi. Sijamwona mchawi tangu nizaliwe. Ilikubaliwa bila kuguswa hata nukta. Ya keki, ambayo niliipika kwa mikono yangu na kidole kikaungua, imerudishwa kwa kukosa ukweli. Nani alaumiwe, aliyeirudisha au sisi tuliomzoesha majonzi ya kutunga?

Andikeni mlichokila. Kama ni uji, uji. Kama ni chipsi za stendi, chipsi. Kama ni keki iliyoungua kitako, semeni iliungua, na msiombe radhi kwamba ilikuwepo.

Hadithi yangu siibadilishi. Krismasi ijayo tunachanga tena, na bwana mhariri anakaribishwa Mungaa. Aje na kakao. Asiyechanga atakula makombo na watoto.