King'amuzi cha Baba Mdogo

Reading, Uingereza

Kwa wazazi wangu, kaka, dada na rafiki zangu wote wa Buseresere, na kwa namna ya pekee kwa baba mdogo mwenye kibanda umiza cha kutazamia mpira kando ya barabara kubwa,

Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi bado haijaanza kuuma.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika. Kilichonisukuma leo ni swali aliloniuliza baba mdogo kwenye simu wiki iliyopita: "Mwanangu, wewe uko kwenye nchi yenye mpira wenyewe. Inakuwaje unatuuliza sisi matokeo?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa naingia zamu. Jibu kamili ndilo hili, na nimeona niwaandikie wote kwa kuwa linatuhusu wote.

Jumamosi saa tisa alasiri ya huku, ambayo kwa miezi hii ni saa kumi na moja jioni ya huko, ndipo mechi za ligi ya Uingereza zinapoanza kwa desturi. Nakijua kibanda cha baba mdogo saa hiyo. Ubao wa chaki umeshaandikwa tangu asubuhi, mabenchi yamejaa, vijana waliotoka machimbo ya Rwamgasa wameingia na vumbi lao, na aliyechelewa amesimama mlangoni akichungulia kati ya mabega ya wenzake. Sasa sikieni: saa hiyo hiyo, huku Uingereza, mechi hizo hazioneshwi moja kwa moja kwenye runinga yoyote. Hata aliyelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote hazipati. Kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo, kila Jumamosi, mpira wa moja kwa moja umefungiwa. Ligi ina mechi 380 kwa msimu. Mwenye king'amuzi chenye chaneli za SuperSport hapo Buseresere anaweza kuzifuata zote. Mimi ninayeishi mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka London siwezi.

Sheria hiyo ni ya zamani. Ilitokana na hoja za Bob Lord, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya Burnley, katika miaka ya 1960. Alisema watu wakioneshwa timu kubwa nyumbani Jumamosi mchana, hakuna atakayekwenda kukata tiketi kwenye viwanja vya timu ndogo, na timu hizo zitakufa. Wenzake wakakubali, na hadi leo katazo lipo. Na nataka niseme wazi: nilianza kwa kulichukia, lakini sasa nalielewa. Timu ya mji ninaoishi, Reading, ilishuka hadi daraja la tatu mwaka 2023. Jumamosi yenye mechi nawaona wazee na wajukuu wao, skafu shingoni, wakielekea uwanjani. Labda baadhi yao wangebaki kwenye makochi kama Arsenal ingekuwa inaoneshwa saa hiyo.

Hapo ndipo moyo wangu unapokuja nyumbani. Geita Gold walipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Msimu wao wa kwanza walimaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17, na timu ya mkoa wetu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka. Ni wangapi kati yetu tulikwenda Nyankumbu kuitazama, na ni wangapi tulikuwa kwenye benchi tukiwagombea Chelsea na Manchester United? Mzee Lord aliyalinda mageti ya vilabu vidogo vya Uingereza. Geti la Nyankumbu halikuwa na wa kulilinda. Mpira ule ule uliozuiwa Reading ili Reading iishi, unaletwa Buseresere bila kizuizi, tena saa zile zile zinapocheza timu zetu. Sisemi kibanda kifungwe. Kibanda hicho kimenilea. Lakini jambo hili linaniuma, na sijasikia kwetu likizungumzwa.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ule wa mpira wetu sisi.

Mnakumbuka nilipoondoka mara ya mwisho, baba mdogo alinipa king'amuzi chake cha zamani, kadi ikiwa ndani, amekiviringisha kwenye kitenge cha mama mdogo na kukifunga kwa kamba. Akaniambia, "Kalipie huko huko, uwe unatazama Simba na Yanga." Nilikibeba kama yai. Nilipofika nikanunua dishi la mtumba, nikalifunga kwenye uzio wa nyuma ya nyumba tunayopanga, nikakaa Jumapili nzima nalizungusha kidogo kidogo huku mwenzangu akiwa ndani akinipigia kelele dirishani. Hatukupata hata chenga. Kioo kiliandika tu kwamba hakuna mawimbi. Jioni nililifungua dishi mikono ikiwa imekufa ganzi.

Sikujua wakati ule, na baba mdogo hakujua. Setilaiti za runinga zimekaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kila moja inaelekeza miale yake mahali maalumu, kama mchimbaji anavyoelekeza tochi ya kichwani ndani ya duara. Pale inapomulika ndipo panapoonekana. Penginepo ni giza, hata ukiwa na dishi zuri namna gani. Na pale inapomulika, kadi ndiyo inayoamua nani aone na nani asione. Tukihamia kwenye simu ni yale yale. Kila kifaa kinachoingia intaneti kina anwani inayoonesha kiko nchi gani, na mtambo unaisoma kabla haujakufungulia chochote. Ndiyo maana nilipokuja likizo, huduma ya mpira ninayoilipia huku kila mwezi iligoma kufunguka nikiwa sebuleni kwa baba. Pesa yangu ilikuwa imekwishakatwa, ujumbe ukasema huduma haipatikani mahali nilipo. Baba akauliza, "Umelipa?" Nikamwambia nimelipa. Akanyamaza.

Chanzo cha yote haya ni namna haki za matangazo zinavyouzwa. Zinagawanywa nchi kwa nchi, kama viwanja vilivyopimwa, na kila aliyenunua kiwanja hataki jirani apitishe ng'ombe. Mwezi Mei 2021 Azam Media na shirikisho letu la soka, TFF, walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu yetu. Kwa wastani ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Huku Uingereza haki za ligi yao kwa miaka minne kuanzia 2025 ziliuzwa kwa pauni bilioni 6.7. Hakuna anayelipa fedha kama hizo kisha akaacha mlango wazi, na fedha hizo ndizo zinazolipa wachezaji na kusafirisha timu kutoka Bukoba hadi Mtwara. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaonitumia linki za wizi kila siku ya mtanange wa watani, nashukuru kwa upendo, wabeja sana, lakini acheni. Linki zile zinajaa matangazo ya kamari, zinaharibu simu, na zinaiba jasho la wachezaji tunaowashangilia. Na hizo VPN za kudanganya mahali ulipo, kumbukeni kwamba mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliagiza mwaka 2023 kila anayetumia aisajili.

Mechi nyingine nazipata kwa kulipa kihalali, na nikizipata sina neno. Machungu yangu ni kwa zile ambazo nimeshika pesa mkononi na hakuna wa kuipokea.

Nitawapa kisa kimoja cha huku. Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, alikuwapo mama mmoja, Karen Murphy, mwenye baa. Mwanamke huyu alikuwa na kibanda umiza chake, tuseme hivyo, kwa sababu kazi ilikuwa ile ile ya baba mdogo: watu wakae pamoja, watazame mpira, wanunue kinywaji. Bei ya kampuni ya Uingereza ilimshinda, akanunua kadi ya Ugiriki kwa bei nafuu sana. Akashtakiwa, akatozwa faini na gharama karibu pauni 8,000. Hakukubali. Akapanda mahakama moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo tarehe 4 Oktoba 2011 ilisema haifai kumzuia mtu wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya kununua kadi ya nchi nyingine. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba kuonesha mbele ya wateja baa nzima kunaweza kuhitaji ruhusa, kwa sababu nembo na muziki wa ligi vina hakimiliki. Hata hivyo, Februari 2012 Mahakama Kuu ya London ikaifuta hatia yake. Na tangu Aprili 2018 Umoja wa Ulaya una sheria nyingine: aliyelipia huduma ya runinga ya mtandaoni nyumbani kwake ana haki ya kuitumia akisafiri kwa muda katika nchi nyingine mwanachama.

Nikisoma hayo najiuliza, Jumuiya ya Afrika Mashariki inashindwa nini? Dereva wa lori anayelala Buseresere leo na kesho akavuka Rusumo kuingia Rwanda, kwa nini alichokilipia kisimfuate? Hilo haliwezi kunifikia mimi huku, lakini linaweza kuwafikia ndugu zetu walioko Kampala, Kigali na Goma.

Halafu kuna timu yetu ya taifa, Taifa Stars. Hapa sitaki mzaha wa biashara. Waingereza wana orodha ya kisheria ya michezo ambayo ni lazima runinga za bure zipewe nafasi ya kuionesha, Kombe la Dunia likiwemo, kwa sababu waliona kuna mechi ambazo ni mali ya kila mtu. Septemba 2023 sisi, Kenya na Uganda tulipewa AFCON ya 2027. Mashindano hayo yakifika, mtoto wa Buseresere ambaye baba yake hana kifurushi ayaone. Na Mtanzania aliyeko Reading, Muscat au Houston apate mahali pa kulipa akatazama, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtangazaji wa kwetu. Kiswahili nakitaja kwa makusudi. Kizazi cha baba kiliutazama mpira kwa masikio, redio mkulima begani, watangazaji Ahmed Jongo na baadaye Charles Hilary wakiupiga kwa maneno hadi unauona. Marehemu Hilary alitutoka Mei 2025 na sauti yake bado ninayo kichwani. Redio ile haikuuliza uko nchi gani.

TFF, Bodi ya Ligi, na yeyote atakayekaa mezani kuandika mkataba ujao: wekeni kifungu cha sisi tulioko nje. Tuuzieni. Wekeni bei, tutalipa, na fedha hizo zirudi hadi kwenye timu zilizoshuka daraja.

Baba mdogo, kuna jambo sijakwambia. Siku ile mwanao aliponipigia simu ya video na kuielekeza kwenye runinga ya kibanda, sikuona bao. Picha iliganda, halafu nikaona paa la turubai, halafu kisogo cha mtu. Lakini nilisikia kibanda kizima kikilipuka, nikakusikia wewe ukimwita mtu akae chini, nikakaa kwenye ngazi za kazini nikilia. Sikuhitaji picha siku ile.

Jumamosi hii sina zamu. Simu itakuwa mkononi kuanzia saa kumi na moja jioni ya huko.

Ni mimi mtoto wenu.