Mwacheni Jaji Asikilize

Houston, Texas

Ndugu zangu wa nyumbani,

 

Nawaandikia kwa sababu ya yule kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu. Alikodiwa usiku, akachomwa kisu, na waliomkodi wakaondoka na pikipiki ambayo hata mkopo wake haujaisha. Kundi letu la WhatsApp lilijaa salamu za pole, kisha likajaa neno moja: wanyongwe. Siwalaumu. Mama yake alikuwa akitukopesha vitumbua tukiwa shule ya msingi, na nilipompigia hatukuweza kuongea, tulilia tu. Ila kuna jambo nalijua kutokana na kazi yangu ambalo haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu. Naomba mlisome lote kabla hamjanijibu.

Mnajua kwamba nipo kwenye ofisi ya mawakili wa utetezi, lakini sijawahi kuwaeleza kazi yenyewe. Hapa Texas mtu akishitakiwa kwa mauaji yanayoweza kumpeleka kwenye adhabu ya kifo, kesi yake ina sehemu mbili. Kwanza juri, yaani raia 12 waliopatikana kwenye daftari la wapiga kura na orodha ya leseni za udereva, wanaamua kama aliua. Wakisema ndiyo, shauri halijaisha. Wanarudi tena kusikiliza: huyu ni nani, alilelewaje, atakuwa hatari huko mbele, kuna lolote katika maisha yake linalofaa kumwokoa na kifo? Hata mmoja tu akikataa kuungana na wenzake kwenye kifo, adhabu inakuwa kifungo cha maisha bila parole.

Mimi natafuta makaratasi ya sehemu hiyo ya pili. Naandikia shule zilizofungwa zamani, hospitali zilizobadilisha majina, idara za ustawi wa jamii. Narudishiwa ripoti ya darasa la tatu ambayo mwalimu ameandika kwamba mtoto hulala darasani kila Jumatatu. Narudishiwa kadi ya chanjo iliyokoma ghafla mama alipofungwa. Mara nyingine ni karatasi ya hospitali ya mtoto wa miaka sita aliyeanguka ngazi, na ukisoma vizuri unaona ngazi hazivunji mifupa namna ile. Nazipanga kwa tarehe, mawakili wanazibeba mahakamani, na raia wale 12 wanazishika mikononi mwao.

Sisemi Texas ni mfano wa kuigwa. Jimbo hili limewaua watu zaidi ya 580 tangu mwaka 1982, pale Huntsville, mwendo wa saa moja na kitu kutoka ninapokaa, na hakuna jimbo lililoua wengi kuliko hilo tangu adhabu ya kifo irudi Marekani. Ndiyo maana inaniuma. Jimbo hili, pamoja na ukali wake wote, linalazimika kuuliza habari za maisha ya mtu kabla ya kumwua. Sisi hatuulizi.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya kwetu Tanzania kinasema anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo. Anayenusurika ni mwanamke mwenye mimba, na aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Wengine wote adhabu yao ni moja. Aliyemtilia baba yake sumu apate kurithi shamba, atanyongwa hadi kufa. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka na miaka, siku moja akachukua mchi, akionekana alikuwa na dhamira ovu, atanyongwa hadi kufa. Kijana aliyeachwa barabarani ashike pikipiki wakati mwenzake anachoma kisu, kwa ile sheria ya nia ya pamoja, naye vilevile. Jaji wa Mahakama Kuu anaweza kuwa amesikiliza kesi kwa wiki nzima na akaona wazi kwamba hawa watatu hawalingani. Adhabu imeshaandikwa na wengine, yeye kazi yake ni kuisoma.

Wazee wangu, mtaniambia hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, nchi iliwekwa chini ya Kanuni ya Adhabu ya India, na kanuni ile ilimpa jaji uchaguzi kwa muuaji, kifo hakikuwa adhabu pekee. Mwaka 1930 wakatuletea kanuni mpya, na uchaguzi ule ukaondoka. Uingereza yenyewe iliacha kunyonga kwa mauaji mwaka 1965. India imebaki na adhabu ya kifo, lakini mahakama yake ya juu iliamua mwaka 1980 kwamba itolewe kwa kesi chache mno zilizopita kiasi, na mwaka 1983 ikafuta kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichokuwa kinawalazimisha majaji kuua. Sisi tulishika kilichoachwa na mkoloni, tukakiona ni chetu.

Kuna kesi moja ya hapa Marekani ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria aisome, nayo ni Woodson dhidi ya North Carolina. Mwaka 1974 wanaume wanne walikwenda kuiba dukani. Wawili waliingia. Mmoja akanunua pakiti ya sigara. Wa pili naye akaomba sigara, na yule mama muuzaji alipomsogelea akampiga risasi kwa karibu. Woodson alikuwa nje, ndani ya gari. Alisema alikuwa amelewa, na kwamba yule mpigaji alimpiga na kumtishia kumwua asipofuatana nao. Wenzake wawili, akiwemo yule wa sigara aliyekuwa dukani mauaji yakitendeka, walikiri makosa madogo zaidi, wakatoa ushahidi, wakaokoka na kifo. Woodson alikataa kukiri. Sheria ya North Carolina wakati huo ilikuwa kama yetu, basi yeye aliyekaa garini akahukumiwa kifo sawa na aliyefyatua risasi. Tarehe 2 Julai 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria hiyo. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba sheria ya namna hiyo haimtazami mtu kama mtu, inamtazama kama sehemu ya kundi lisilo na sura.

North Carolina haikutunga sheria ile kwa ukatili tu. Miaka minne kabla ya uamuzi huo, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imesimamisha adhabu ya kifo nchi nzima kwa sababu ilitolewa ovyo, huyu anauawa na yule anaachwa bila sababu inayoeleweka. Baadhi ya majimbo yakaona dawa ni kuwaua wote, ili pasiwepo upendeleo. Hoja hiyo naisikia hata kwenu, kwamba sheria iwe moja kwa wote. Lakini kuwapa adhabu moja watu waliotenda mambo tofauti nako ni kuonea.

Hata hivyo msidhani wazo hili nimelibeba ughaibuni. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba yetu. Aliandika juu ya kitanzi chenyewe, na jinsi mtu anavyongoja, kwa uwazi ambao sijauona kwa majaji wengi wa huku. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, ila ikaona Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka huohuo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokuwa inafuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, majaji wake waliisoma na kuijadili kesi yetu ya Dodoma. Fikra ya Mtanzania ilijadiliwa Johannesburg, na sisi tukaiacha kabatini.

Majirani nao hawakulala. Malawi ilifuta ulazima wa kifo mwaka 2007. Uganda ilifanya hivyo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, na Kigula mwenyewe, aliyekuwa akingoja kitanzi katika gereza la Luzira, alisoma sheria akiwa humo na akatoka huru mwaka 2016. Kenya ilifuata mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu. Malawi ndiyo inayonigusa zaidi, maana waliwarudisha mahakamani wafungwa waliohukumiwa chini ya sheria ya zamani, wakatuma watu vijijini kuuliza jinsi kila mmoja alivyoishi, na baada ya majaji kusikia, wengi waliachiwa. Walikuwemo wagonjwa wa akili ambao hakuna aliyewahi kuuliza habari zao.

Kisha tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa palepale Arusha, ikaamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kifungu chetu kinavunja haki ya kuishi kwa sababu kinamnyima jaji nafasi ya kupima. Ikaipa Serikali mwaka mmoja kukirekebisha. Mwezi huohuo Serikali ilitoa taarifa ya kuondoa ruhusa ya raia na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Niliposoma habari hizo mbili nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa nije kwenye swali mnaloniuliza kila mara: bila kitanzi, nani ataogopa? Wasomi wamebishana juu ya hilo kwa miongo. Mwaka 1975 mchumi Isaac Ehrlich alichapisha hesabu zilizodai kwamba kila mtu mmoja anayeuawa na serikali huokoa maisha ya watu wanane hivi, na hesabu hizo zikafikishwa mpaka Mahakama ya Juu. Wenzake wakazirudia. Ukiondoa miaka michache ya mwisho, matokeo yanageuka. Mwaka 2012 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la hapa lilipitia tafiti zote za miaka zaidi ya 30 na kusema hazituambii kama adhabu ya kifo inapunguza mauaji, inaongeza, au haifanyi lolote, na kwamba zisitumiwe kutunga sera. John Donohue na Justin Wolfers walionyesha jambo jepesi kuelewa. Kanada ilinyonga kwa mara ya mwisho mwaka 1962, lakini mauaji ya Kanada na ya Marekani yamekuwa yakipanda na kushuka pamoja kwa miongo kadhaa.

Na kwetu? Hatujanyonga tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini ya kunyonga mtu. Vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu ya moshi wa jikoni yakafanywa ushahidi, wakati kitanzi kikifanya kazi na baada ya kusimama. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilihukumu watu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino, na mauaji ya namna hiyo hayakukoma. Anayekwenda kuua anategemea giza, na anategemea kwamba hatakamatwa. Taa barabarani na polisi anayefika haraka vingemtisha kuliko karatasi ya hukumu.

Sitaki mnielewe kwamba jaji akipewa uchaguzi mambo yote yamenyooka. Huku wamekuwa na uchaguzi huo, na Profesa David Baldus na wenzake walipochambua kesi zaidi ya 2,000 za Georgia waligundua kwamba aliyeua mzungu alikuwa na uwezekano wa kuhukumiwa kifo mara 4.3 kuliko aliyeua mtu mweusi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilizikataa hoja hizo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Powell, aliyeandika uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba angeweza kuirudia kura moja, angeibadilisha hiyo. Kwetu hofu yangu si rangi, ni umaskini: nani ana wakili wa kumtafutia kadi yake ya kliniki. Ndiyo maana Kenya, ilipomfungua jaji mikono, ilimwekea mambo ya kuzingatia: umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, nafasi ya kubadilika. Nasi tunahitaji mwongozo wa namna hiyo, pamoja na fedha za utetezi.

Ninachowaomba ni kidogo. Simwombi mtu yeyote amsamehe aliyemwua kijana wetu, wala leo sijadili kama kitanzi kifutwe kabisa, ingawa msimamo wangu mnaujua. Mbunge akija kuomba kura, mwulizeni kama yuko tayari kifungu cha 197 kiandikwe upya, kifo kibaki adhabu ya juu kabisa mpaka hapo Bunge litakapoamua vinginevyo, na chini yake jaji awe na adhabu nyingine za kuchagua. Mpwa wangu anayesoma sheria nimemtumia hukumu zote nilizozitaja. Mwombeni awasomee jioni moja.

Na mwambieni mama yake kijana jambo hili, maana kwenye simu sikuweza. Kwa sheria ilivyo sasa, baada ya kutia hatiani, mahakama haina sababu ya kumwuliza lolote hata yeye. Adhabu ikiwa moja, ya nini kumsikiliza mfiwa? Huku nimewaona akina mama wakisimama mbele ya jaji na picha mkononi, wakieleza mtoto alivyokuwa anacheka, alikuwa anamlisha nani, deni gani limebaki. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na wote walisikilizwa. Yeye naye apewe kiti hicho, aseme atakalo.

Wasalimieni wote, na mnijibu, hata kwa kunipinga.

Ndugu yenu wa Houston