Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Siri Zinazovuja Ndani ya Kompyuta



Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili hii tungependa kuutumia usemi huo kuzungumzia chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini na katika ofisi nyingi, yaani kompyuta. Aghalabu tunapotaja usalama wa chombo hiki humfikiria adui aliye ng'ambo, atupaye ndoana zake kwa njia ya intaneti. Adui huyo yupo, wala hatusemi apuuzwe. Lakini zipo kasoro nyingine ambazo humfaa yule aliyekwisha kuingia ndani: mpangaji aliyeazimwa kompyuta kwa saa moja, kibarua wa ofisini, au hata mchezo ambao kijana wako ameupakua bila kujua ulikotoka. Hao wote wameruhusiwa kukaa sebuleni tu; kasoro ikiwapo, husoma yaliyofungiwa chumbani.

Ili tuelewane, yafaa tueleze jinsi nyumba yenyewe inavyoendeshwa. Kila kompyuta huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Mfumo huo ndio ugawao ruhusa. Mtumiaji wa kawaida hupewa faili zake, naye msimamizi hupewa mamlaka juu ya kompyuta nzima. Kila faili huwa na orodha ya wale wanaoruhusiwa kulisoma au kulibadili. Orodha hiyo ikikosewa, hakuna mlango utakaovunjwa wala kelele itakayosikika. Mtu atasoma asichostahili kusoma, kisha ataondoka kimya.

Jambo hili halikuanza leo. Katika miaka ya 1960, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, mmoja wa mifumo ya kwanza kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ikatokea kwamba wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa pamoja. Mmoja alikuwa akishughulikia orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote, na mwenzake tangazo ambalo kila mtumiaji alionyeshwa aingiapo kazini. Programu ya kuhariri ilizipa nakala zote za muda jina lile lile moja, basi faili hizo mbili zikabadilishana. Kila aliyeingia alipokewa na orodha kamili ya maneno ya siri ya wenzake, badala ya tangazo la siku.

Baada ya mkasa kama huo ungetegemea dunia imejifunza. Hata hivyo, mwezi Julai 2021 iligunduliwa kasoro ya ukoo huo huo katika Windows 10, mfumo uliokuwa ukitumika katika mamilioni ya kompyuta duniani. Wataalamu waliipa namba CVE-2021-36934, na wengine wakaibandika jina la SeriousSAM, kwa kuwa faili lililohusika huitwa SAM. Humo ndimo Windows huweka kumbukumbu za maneno ya siri ya watumiaji wa kompyuta husika.

Maneno hayo hayaandikwi kama yalivyo. Kwanza husagwa, mithili ya mahindi kinuni, hata yakawa unga ambao hauwezi kurudishwa kuwa punje. Lakini mwizi mwenye unga huo aweza kusaga maneno maelfu kwa maelfu nyumbani kwake, akilinganisha unga wake na ule alioiba, mpaka apate unaofanana. Neno fupi, kama jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa, hupatikana upesi sana. Zaidi ya hayo, zipo huduma za Windows ambazo huupokea unga wenyewe kama uthibitisho, hata mwizi asipolijua neno lenyewe.

Basi kosa lilikuwa nini? Tangu toleo la 1809, lililotoka mwaka 2018, orodha ya ruhusa ya faili hilo ilimruhusu kila mtumiaji wa kawaida kulisoma. Faili jirani lenye ufunguo wa kulifumbua nalo liliachwa wazi vivyo hivyo. Kwa muda mrefu kosa hilo halikuonekana, kwa sababu kompyuta inapokuwa imewashwa, Windows yenyewe huwa imeyashika mafaili hayo, na mwingine hawezi kuyafungua.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Windows ina desturi njema ya kujiwekea nakala za akiba, ziitwazo nakala kivuli, ili mambo yakiharibika kompyuta irudishwe katika hali yake ya awali. Nakala hizo zilibeba ruhusa zile zile mbovu, lakini hazikuwa zimeshikwa na yeyote. Aliyezuiwa kusoma faili lenyewe alikwenda kusoma nakala yake. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya siku ya maafa ndiyo iliyogeuka kuwa tundu.

Microsoft ilitoa marekebisho mwezi Agosti 2021. Lakini marekebisho hayo yalisahihisha ruhusa za faili lililopo tu. Nakala kivuli za zamani zilibaki na ruhusa zake za zamani. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba baada ya kuweka marekebisho, mwenye kompyuta hana budi kuzifuta nakala hizo kwa mkono wake. Yamkini wengi waliweka marekebisho wakalala usingizi, hali siri zao zingali kabatini.

Sasa tutazame la kufanya, ndugu msomaji.

Kwanza, usikatae marekebisho ya mfumo endeshi yanapokuja, hata kama yanatumia bando la intaneti. Ikiwa kompyuta yako ni ya Windows 10, jua pia kwamba marekebisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Yafaa umwulize fundi iwapo kompyuta hiyo yaweza kupokea mfumo mpya zaidi.

Pili, kwa kompyuta ya zamani, mwombe fundi aandike amri hii: icacls c:\windows\system32\config\sam. Yakitokea majibu yenye maneno BUILTIN\Users pamoja na herufi RX, faili lingali wazi. Aweke marekebisho, afute nakala kivuli zote za zamani, kisha atengeneze mpya. Kabla ya kufuta, hifadhi nyaraka zako na picha za familia katika diski ya nje, maana nakala zikifutwa huwezi tena kuirudisha kompyuta katika hali ya zamani.

Tatu, badili maneno ya siri baada ya kuziba tundu. Siri iliyokwisha kusomwa hairudi kuwa siri. Neno la kufungulia kompyuta ya nyumbani lisiwe ndilo la barua pepe wala la benki.

Nne, kila mtu nyumbani awe na akaunti yake, na akaunti ya usimamizi itumike wakati wa kuweka programu tu. Kweli, kasoro tuliyoieleza iliwafaa hata wenye akaunti za kawaida. Lakini bila kasoro ya namna hiyo, akaunti ya kawaida humzuia mtoto na michezo yake asifike mbali. Na mwenye akaunti ya usimamizi hahitaji kasoro yoyote ili asome kila kitu.

Tano, neno kwa wale wanaosimamia ofisi ndogo na vyama vya akiba na mikopo. Kuna mazoea ya fundi kuziwekea kompyuta zote kumi neno moja la msimamizi, ili asisumbuke kukumbuka. Mazoea hayo ni hatari. Kibarua akisoma kumbukumbu za kompyuta ya mapokezi, amepata ufunguo wa kompyuta ya mhasibu, na fedha za wanachama zimo humo. Kila kompyuta na ipewe neno lake, nayo yaandikwe kitabuni na kufungiwa kwenye sefu.

Kukaribisha wageni ni ada yetu, wala hatuwashauri muwanyime jamaa na majirani kompyuta zenu. Wafungulieni akaunti ya mgeni, nanyi leo jioni kagueni kama marekebisho yamewekwa na nakala za zamani zimeondolewa.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.