Vita vya Ziwa Tanganyika: Nani anastahili mnara ufukweni Bujumbura?

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tisa aliniuliza swali tukiwa ufukweni, si mbali na bandari ya Bujumbura. Tulikuwa tumemaliza somo la Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na alikuwa amesikia kwamba vita hiyo ilipiganwa hata juu ya maji haya. Akasema: "Mwalimu, kama meli zilipigana hapa, shujaa wake yuko wapi? Mbona hana mnara?"

Nilimjibu kijuujuu, kwa sababu basi lilikuwa linatusubiri. Lakini swali halikuniacha. Watu wa Bujumbura wanazijua kumbukumbu zao. Kuna kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa katika hoteli ya kando ya ziwa hili hili. Kuna mnara wa Umoja. Kusini mwa jiji, Mugere, lipo jiwe linaloeleza kwamba Livingstone na Stanley walipita hapo Novemba 1871. Wageni wawili waliolala siku chache wana jiwe. Vita iliyoamua nani atatutawala na mipaka yetu ipite wapi haina hata kibao.

Basi tuanze na huyo anayeitwa shujaa. Mwaka 1914 Wajerumani ndio waliokuwa wakilitawala ziwa. Meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, mwezi Agosti mwaka huo, ikaifanya isifae kwa vita. Tangu hapo askari wa Kijerumani waliweza kusafiri kati ya Usumbura, Kigoma na Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, bila wa kuwazuia. Mwaka 1915 wakaongeza meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuletwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma.

Waingereza wakajibu kwa boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya afisa aliyeitwa Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo zilitoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. London ilishangilia, na Spicer-Simson akapewa nishani.

Hata hivyo, habari haikuishia hapo. Götzen ilipoonekana ziwani, afisa huyo hakuthubutu kuikabili. Mwezi Juni 1916, huko Bismarckburg, Wajerumani walimponyoka usiku kwa majahazi. Baadaye alirudishwa kwao kwa sababu ya afya na hakupewa tena uongozi wa vita. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, baada ya ndege za Wabelgiji kuipiga Kigoma mabomu na majeshi yao kukaribia. Inasimuliwa kwamba Waholoholo wa upande wa Kongo walifinyanga sanamu za udongo za afisa huyo, wakistaajabia michoro ya mwili wake na sketi aliyopenda kuvaa. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi mnara wake ulijengwa zamani, na mvua ikauchukua.

Sasa tugeukie upande wa pili wa hesabu. Nani alikata njia ya kupitishia boti katika milima ya Mitumba? Nani alijenga madaraja zaidi ya mia moja kwa magogo? Ni Wakongo kwa maelfu, na majina yao hayamo katika vitabu vya safari hiyo. Majeshi ya Wabelgiji yalipovuka Ruzizi na kuingia Usumbura mwezi Juni 1916, nyuma yao walitembea wapagazi. Katika vita nzima Wabelgiji walikusanya wapagazi zaidi ya 200,000, na Waingereza karibu milioni moja. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na uchovu. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa walau zina sanamu za askari zilizosimamishwa miaka ya 1920, tena zina maandishi ya Kiswahili. Nikiwa mtoto shuleni Katumba, ambako wazazi wangu walikimbilia mwaka 1972, picha ya sanamu ya Dar es Salaam ndiyo iliyonifundisha kwamba mtu mweusi naye anaweza kusimama juu ya jiwe. Usumbura haikupata hata hiyo.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya kale, sisi wafanyabiashara yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kabla ya vita hiyo, Urundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Kijerumani. Mtu wa Usumbura na mtu wa Kigoma walikuwa chini ya bendera moja. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakakaa mezani, wakagawana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Mama anayebeba mawese na vitenge kupita Mugina na Manyovu, akisimamishwa na kuulizwa karatasi pande zote mbili, analipia matokeo ya vita ile. Mnara wake upo, nao ni kizuizi cha forodha.

Jambo la ajabu ni kwamba wagawanyaji wenyewe waliona mapema kuwa walichokitenganisha hakitenganishiki. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Urundi na Kongo ifike baharini. Walijua kwamba Bujumbura bila ziwa na reli ya Kigoma ni chumba kisicho na mlango. Leo tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo tangu 2022, lakini mfanyabiashara mdogo bado hana faranga moja ya namna hiyo.

Nayo Götzen? Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyoundwa kwa vita ikawa meli ya dagaa, mahindi na abiria. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu makumi ya maelfu walipokwama Kagunga, ufukwe usio na barabara, huku kipindupindu kikiwamaliza, ni Liemba hiyo hiyo iliyowachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2008, nikiwa njiani kurudi nchi ambayo sikuzaliwa. Sikujua kwamba ilikuwa na historia ya mizinga. Niliona meli tu, nikajisemea kwamba kumbe ziwa hili lina njia ya kurudi pia.

Maoni yangu ni haya. Kama siku moja jiji letu litataka kuweka jiwe ufukweni, lisiwe la nahodha wa Kizungu wala la mkubwa wa upande mmoja wetu. Tumeshajifunza kwamba mnara wa mmoja huwa kidonda cha mwingine. Liwe la waliovuka: wapagazi wa mwaka 1916, wakimbizi wa 1972, wa 1993 na wa 2015, na Wakongo waliovuka Ruzizi kuja kwetu mwanzoni mwa mwaka 2025, wengine kwa kuogelea.

Lakini jiwe peke yake halimvushi mtu. Kumbukumbu ya kweli ya ziwa hili ni bandari inayofanya kazi, meli ya abiria yenye ratiba na maboya ya kuokolea maisha, na karatasi moja inayotambulika Bujumbura, Kigoma, Uvira na Kalemie. Tanzania imeona thamani ya Liemba na kuingia mkataba wa kuikarabati, chombo cha zaidi ya miaka mia moja. Sisi wa upande huu tuna wajibu wa kuuliza viongozi wetu: ikifika tena, itatukuta na nini?

Yule mwanafunzi nilimtafuta wiki iliyofuata, nikampa jibu. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba babu yake naye alivuka, kwa mtumbwi, na hakurudi. Nikamwambia aandike jina lake daftarini. Tuanzie hapo.