Pengo la Alama Si Pengo la Akili

Kila matokeo ya muhula yanapotoka, vyuoni huzuka hukumu ileile. Wanafunzi wa ualimu wakipata alama za chini katika Baiolojia, husemwa kuwa ndivyo walivyo: walikosa udaktari, wakaangukia elimu. Wasichana wakiongoza, husemwa wamekariri madesa. Wakiachwa nyuma, husemwa sayansi si yao. Maneno haya hayasemwi hosteli tu. Wapo wahadhiri wanaoyarudia mbele ya darasa. Ni imani potofu, na inawaumiza vijana wetu.

Tazama kwanza inavyojilinda. Msichana akifaulu, ni kukariri. Akifeli, ni udhaifu wa kuzaliwa. Imani ambayo haikubali kukanushwa na matokeo yoyote haikutokana na matokeo. Ni chuki iliyotafuta takwimu za kujifichia.

Njoo kwenye programu. Anayesomea Shahada ya Sayansi na Elimu hubeba masomo mawili ya kufundishia, tuseme Baiolojia na Kemia, na juu yake saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na mitaala. Masomo yakisimama, anakwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Mwenzake wa zuolojia au botania anaelekeza nguvu zake nyingi kwenye fani moja. Wote wawili huketi ukumbi mmoja na kufanya mtihani mmoja wa jenetikia, kisha tunalinganisha wastani wao kana kwamba walibeba mzigo sawa!

Usione vyaelea, vimeundwa. Alama ya chuo kikuu huanza kuundwa sekondari. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa na mtihani mbadala wa vitendo kwa shule zisizo na maabara: mtoto alieleza kwa kalamu jaribio ambalo mikono yake haikuwahi kuligusa. Mwaka 2014 halmashauri zilikuwa bado zinahangaika kujenga maabara za shule za kata, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete. Na jengo lisilo na hadubini, kemikali wala fundi sanifu halimfundishi mtu kupasua chura. Kijana aliyetoka shule ya namna hiyo akikwama kwenye vitendo mwaka wa kwanza, tatizo si programu aliyochaguliwa. Ni deni ambalo shule yake haikumlipa.

Kuhusu jinsia, ushahidi mzuri upo. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa madarasa 23 ya baiolojia ya utangulizi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanawake walikuwa kama asilimia 60 ya wanafunzi, lakini mhadhiri alipouliza swali, sauti zao zilikuwa chini ya asilimia 40 ya zilizosikika. Kwenye mitihani pia walikuwa nyuma ya wanaume wenye ufaulu wa jumla unaolingana na wao. Utafiti mwingine wa hukohuko Marekani, wa mwaka 2017, uliona wanawake wakiachwa kwenye mitihani lakini si kwenye vipimo vingine vya kozi. Ubongo wa mtu ni uleule Jumatatu akiandika ripoti ya maabara na Ijumaa akifanya mtihani. Kilichobadilika ni kipimo. Nasi katika vyuo vyetu vingi tumeuachia mtihani wa mwisho asilimia 60 ya alama zote.

Sikatai kulinganisha. Ulinganishaji wa haki una faida kubwa. Wakuu wa vitivo walinganishe wanafunzi walioingia na ufaulu unaokaribiana wa kidato cha sita. Wahesabu saa ambazo kila kundi lilipata maabara. Wahadhiri waite majina kutoka orodha, wasisubiri mikono ya walewale wa viti vya mbele. Kazi za vitendo zipewe uzito unaostahili.

Haraka ni kubwa kwa sababu hao tunaowadharau ndio watakaofundisha Baiolojia sekondari kesho. Mwalimu aliyeambiwa miaka mitatu kwamba yeye ni mabaki ya udaktari atasimama vipi mbele ya msichana wa kidato cha pili na kumwambia kwamba anaweza? Chuo kinachoona pengo la alama kijiulize kwanza kimefundisha nini na kimepima nini. Kabla ya kujibu hayo, hakina haki ya kumhukumu mwanafunzi yeyote.