Ukibeba Lanchi Wewe Mshamba, Ukifuliza Wewe Mjanja?

Wacha niseme hivi halafu mnipige mawe: kitu kinachofilisi vijana wa Nairobi saa saba mchana si njaa. Ni aibu.

Angalia ofisi yoyote yenye vijana. Saa saba ikifika, kikundi kinasimama, "Twendeni tukule." Wanaenda mahali sahani ya kuku na chipsi ni 450, picha inapigwa, M-Pesa inatolewa. Kati ya hao sita, wawili wamefuliza na hakuna anayesema. Huku nyuma kuna dada mmoja amebaki kwa dawati na mkebe wa aiskrimu, ndani ni kachumbari, avokado na mkate. Na kila anayepita lazima aulize, "Aaah, leo umebeba?" Kwa ile sauti. Unaijua ile sauti. Ni sauti ya kumpa mtu pole na hajafiwa.

Hiyo sauti ndiyo niko na shida nayo leo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina aibu. Tuseme uko atachimenti au kazi ya kwanza, na mwisho wa mwezi unapewa 15,000. Lanchi ya 450 mara siku 20 za kazi ni 9,000. Umebaki na 6,000 ya nauli, bando, sabuni na kumtumia mtu nyumbani. Yaani wewe unafanya kazi ili upate nguvu ya kwenda lanchi, halafu unaenda lanchi ili upate nguvu ya kufanya kazi. Hiyo si ajira, hiyo ni kuzunguka raundabauti.

Sasa hii yangu ya wiki moja, kwa bei za sokoni kwetu. Mkate, 70. Mayai manne, 80. Avokado tatu, 90. Nyanya, vitunguu, dania na ndimu, 120. Ndengu nusu kilo, 100. Karoti na viazi, 80. Mafuta, chumvi na gesi, weka 110. Jumla ni 650, gawanya kwa siku tano, ni 130 kwa siku. Mara siku 20 ni 2,600. Tofauti na yule wa kuku na chipsi ni 6,400 kila mwezi. Kuna mitaa hii yetu ambapo hiyo ni kodi ya chumba.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Lakini kibandani nakula ya 150." Sawa kabisa, na nitakuwa mkweli: ukiwa mteja wa kibanda, kubeba chakula hakutakufanya tajiri. Tofauti ni shilingi 20. Mama wa kibanda si adui yangu. Ananunua sukuma kwa mama mboga, anaamka kabla ya jogoo, na chapo madondo yake imesomesha watu. Kama unakula hapo kwa sababu unapenda, endelea, na umwachie salamu zangu. Mimi naongea na yule anayepita kibanda akiangalia kando, anapita friji ya ofisini iliyo na mkebe wake aliopakia asubuhi, anaenda kukopa kwa simu ili asionekane. Huyo ndiye tunataka kuketi naye chini.

Halafu kuna lile neno lingine: "Sandwichi na saladi na supu ni vyakula vya wazungu, hiyo ni kujifanya." Maze. Tuanze moja moja.

Saladi. Kachumbari ni nini? Nyanya mbichi, kitunguu kibichi, dania, pilipili, ndimu. Umekula hiyo kitu na nyama choma maisha yako yote na hukuwahi kuomba pasipoti yake. Ongeza avokado na yai la kuchemsha, ni lanchi. Jina limebadilika tu kwa menyu ndiyo bei ipande.

Supu. Nenda buchari yoyote jioni, uone wazee wamesimama na vikombe vya supu ya mifupa, moshi unatoka, mazungumzo yameshika. Hakuna anayewaambia wanajifanya. Lakini kijana akitoa thamosi ya supu ya ndengu kwa dawati, ghafla ni mgonjwa. "Kwani uko na homa?" Hapana bro, niko na akili.

Sandwichi nayo ina jina la mheshimiwa wa Uingereza, John Montagu, Earl wa nne wa Sandwich, karne ya 18. Inasimuliwa kwamba aliagiza nyama katikati ya mkate ili asiache meza yake ya karata. Yaani hicho chakula unacholetewa juu ya ubao kwa mkahawa wa taa hafifu kilipata jina lake kwa mtu ambaye hakutaka kuamka kitini. Na wazo lenyewe halikumngoja yeye. Mombasa kuna mkate wa mayai, unga mwembamba umekunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai. Waganda wanakunja yai ndani ya chapati wanaiita rolex. Sisi tunatia smoki ndani ya chapati tunaita smocha. Kuweka kitu kizuri katikati ya kitu cha ngano, hiyo tumejua kitambo.

Kwa hivyo si chakula kinachotuaibisha. Ni mkebe. Tunaogopa mkebe kwa sababu mkebe unasema ukweli: huyu ametoka nyumbani, nyumbani kuna sufuria, na hela zake zina mpango. Mfuko wa karatasi wenye nembo ya mkahawa unasema uongo kwa niaba yako, na uongo huo unalipiwa.

Mnamkumbuka Githeri Man? Tarehe 8 Agosti 2017, foleni ya kura Kayole, jamaa amesimama anakula githeri kutoka kwa juala. Picha ikatembea nchi nzima. Tulicheka, tukamchora kila mahali, na kabla mwaka uishe alikuwa amepewa heshima ya Rais. Watu walisema ni bahati. Mimi nasema angalia ile picha tena. Foleni ni ndefu, jua liko, na yeye ana chakula mkononi. Huyo ndiye aliyekuja amejipanga. Mwezi huo huo, tarehe 28, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Kenya. Kilichopigwa marufuku ni juala, siyo githeri. Lakini vile tunavyobeba chakula kwa kujificha, ungedhani ni githeri.

Na kuna hii ya karibu zaidi. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulitaka kutia mkate VAT ya asilimia 16. Sisi ndio tulipiga kelele mtandaoni, sisi ndio tulitoka barabarani. Pendekezo la mkate likatolewa hata kabla mswada wenyewe kurudishwa. Kuna wenzetu walitoka nyumbani ile Jumanne ya tarehe 25 na hawakurudi. Mkate ulikuwa kwa mabango. Sasa niambie, kizazi kilichosimama mbele ya maji ya washawasha na risasi kwa ajili ya bei ya mkate, kinaogopaje kubeba vipande vinne vya huo mkate ndani ya mkoba? Kama mkate ulistahili kutetewa, unastahili pia kuonekana juu ya dawati.

Sasa niwageukie wenzangu, wasee wa kutengeneza video. Sisi pia tumechangia. Tumefanya lanchi ya nyumbani ikae kama harusi. Vyombo sita vya kioo vinafanana, samaki wa kutoka Norway, mbegu ambazo jina lake hata supamaketi ya mtaa haijawahi kusikia, na muziki wa polepole. Mtoto wa Umoja akiona hiyo anasema, "Basi kama kubeba ni hivyo, mimi siwezi," anarudi kwa chipsi. Tumemwambia kuna aina mbili za watu: maskini wa mkebe wa aiskrimu na tajiri wa chombo cha kioo. Wacheni hiyo. Avokado tunazo, zingine zinapandishwa meli kwenda Ulaya, na mtaani zinauzwa kwa mkokoteni. Piga video ya avokado ya mkokoteni, kisu cha kawaida, mkate wa kawaida. Hiyo ndiyo itamsaidia mtu.

Na nyinyi makaka. Mmenyamaza mkidhani mmepona. Kuna jamaa ana miaka 25, anajigamba ofisini, "Mimi hubeba, sipotezi doo." Ukimuuliza nani amepika, ni mamake. Ama ni dadake, ambaye pia anaenda kazini, ambaye pia anashuka kwa steji ile ile, lakini ameamka saa kumi na moja kukata vitunguu vya watu wawili. Kaka, ikiwa chakula chako kimepikwa, kimepakiwa na kimefungwa na mikono ya dadako, hujabeba lanchi. Umebebwa. Kuchemsha ndengu hakuhitaji jinsia. Kunahitaji maji, moto, na wewe kuweka simu chini.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na ni hii: chakula kinaharibika. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wewe umepakia wali saa kumi na mbili asubuhi, ukakaa nao kwa matatu, ukauweka chini ya dawati mpaka saa saba. Hizo ni saa saba. Wali hasa ni mjanja, kuna bakteria ambao mbegu zao hupona hata baada ya kuchemka, na wakipata uvuguvugu wanaamka. Kwa hivyo usibebe chochote vyovyote.

Supu ndiyo rafiki yako. Tia maji yanayochemka kwa thamosi, funga dakika kadhaa, mwaga, halafu mimina supu ikiwa bado inatokota. Thamosi nzuri italinda moto mpaka saa saba. Avokado na nyanya zibebe zikiwa nzima, uzikate hapo hapo unapokula. Kachumbari usiitie chumvi asubuhi, chumvi inatoa maji yote na utakula mchuzi. Chumvi na ndimu ni za saa saba. Yai la kuchemsha na maharagwe, hayo ni ya mtu aliye na friji kazini.

Na hapo kwa friji ndipo wakubwa wanaingia. Kuna ofisi za Nairobi zina mashine ya kahawa ya kupokea wageni, lakini hazina friji ya wafanyakazi. Kuna zingine zina maikrowevu moja kwa watu hamsini, imeharibika tangu Januari. Zingine zina sheria kabisa: usile kwa dawati, na mahali pengine pa kulia hapapo. Unamlipa mtu 15,000, unamnyima pa kuweka chakula chake, halafu unamletea mtu wa kuwafunza kuhusu kuweka akiba. Tafadhali. Friji, maikrowevu na meza moja si anasa. Watoto wa shule za msingi za umma hapa Nairobi, tangu 2023, wameletewa mpango wa chakula cha moto kwa shilingi 5. Kama kaunti ilifikiria tumbo la mtoto wa darasa la pili, kampuni yenye ghorofa nzima Westlands inaweza kufikiria tumbo la intani.

Vyuo pia, msijifiche. Mwanafunzi anayekaa nje ya chuo anatoka kwake asubuhi na kurudi usiku. Akifungua mkebe kwa kantini anafukuzwa kwa sababu hajanunua kitu. Aende akule wapi, chooni? Wekeni meza. Meza haina faida kwa vitabu vya hesabu lakini ina faida kwa vile vitabu vingine mnavyodai mnatufundisha.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani namkataza raha. Ijumaa mwisho wa mwezi, nenda ukule kuku, kula na mbogi yako mpaka mlambe vidole. Raha ikiwa raha, iko sawa. Lakini raha unayoikopa kila siku saa saba, ukiilipa na riba kila mwisho wa mwezi, ili tu mtu wa meza ya pili asikuulize "leo umebeba?", hiyo si raha. Hiyo ni kodi ya aibu, na hakuna Mswada wa Fedha uliokulazimisha kuilipa.

Kwa hivyo kesho beba. Usifungie mkebe ndani ya mkoba ndani ya jaketi kama umebeba bangi. Weka juu ya meza, fungua, kata avokado yako, nusu mpe jirani. Na mtu akija na ile sauti, "Aaah, leo umebeba?", mjibu na mdomo umejaa:

"Eeh, nimebeba. Na wewe, umefuliza?"